Kweme Zilizojaa Upepo

Niliisikia kisimani, na tangu siku hiyo haikunitoka kichwani: kwamba mwaka huu mwanamke atakayelishwa kweme za mtaa wetu atazaa mtoto mtupu. Si mfu, alisema yule aliyesema. Si mgonjwa. Mtupu. Ana macho, ana kucha, ana utosi unaodunda, lakini ukimbeba hana uzito, na ukimfinya halii, maana ndani hakuna wa kulia. Msemaji alikuwa amenipa mgongo, anajaza ndoo. Nikamuuliza, "Maneno haya umeyasikia kwa nani, wewe?" Akasema, "Kwako." Akageuka. Uso wake ulikuwa wangu, na kanga aliyojifunga ilikuwa yangu, ile yenye alama ya kuungua na pasi. Sikushtuka sana. Mtaa wetu ndivyo ulivyokuwa wakati huo, mtu anakutana na yeye mwenyewe kisimani, wanasalimiana, wanapishana. Kilichonishtua ni kwamba ndoo yake ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na alitembea nayo kama hajabeba kitu.

Mwenye binti mjamzito hasikii uvumi kama wengine wanavyousikia. Kwa wengine unapita. Kwangu uliingia, ukatandika mkeka, ukaomba na chai. Mwanangu Nakiete alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alikuwa amekuja kujifungulia kwangu kama inavyotakiwa. Mumewe aliondoka Jumatatu kwenda kutafuta maisha, akaahidi atarudi Jumatatu, ila Jumatatu yenyewe haikuwa imeonekana kwetu muda mrefu. Siku zilikuwa zimeacha kuja kwa foleni. Unalala Jumatano unaamka Jumamosi, Jumamosi inaingia jikoni, inakula kiporo, inatoka bila kuaga, halafu inarudi Jumatano ileile, na maharage uliyokwisha kuyaivisha yanakuwa mabichi tena. Watu walizoea. Walipika maharage mara nyingi na kulalamika kidogo. Mimba ya Nakiete nayo ilikuwa inapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala, leo ya kujifungua, kesho ya kutapika, na yeye mwenyewe anacheka tu. "Mama," ananiambia, "huyu mjukuu wako anachungulia mlangoni, haoni ni lini, anarudi."

Nyuma ya nyumba yangu kuna mkweme. Ni mmea unaotambaa, shina lake nene kama paja la mtu mzima. Umepanda kichanja, ukapanda bati, ukapanda mti wa mgrivelia wa jirani, na ncha yake iko juu huko ambako nadhani ni mwakani, kwa sababu mara nyingine hudondosha majani makavu ya kiangazi ambacho hatujakiona. Hutoa matunda makubwa ya kijani yenye mifereji, moja linatosha kuwa mzigo wa kichwani, na ndani yake kweme zimepangwa kama sahani ndogo kabatini. Unabangua ganda kwa jiwe, unatoa kiini cheupe chenye mafuta, unakitwanga, unakitia kwenye uji wa mjamzito na wa mzazi. Ndipo maziwa yanashuka. Mama yangu alikunywa uji huo kwa ajili yangu, nami nikaunywa kwa ajili ya Nakiete, na sijui hata kidogo ni uji mmoja au ni mingi. Nyumba yenye binti mjamzito hukaribisha wanawake wabangue tunda la kwanza kwa pamoja, kwa kelele na matani, ili mtoto asikie huko aliko kwamba nyumba anayokuja ina chakula na ina watu.

Siku ya kubangua ilipotokea tuliikamata haraka kabla haijabadilika. Wifi yangu Mkunde, dada wa marehemu mume wangu, ndiye alikuja wa kwanza na jiwe lake. Wifi Mkunde haazimi jiwe la mtu, wala lake haazimishi.

"Wifi, tunda lako jepesi hili," akasema akilipima mkononi. "Umelifuga kwa hewa?"

"Bangua. Umekuja kula au umekuja kusema?"

"Vyote viwili. Tumbo moja, mdomo mmoja, vinapokezana."

Akaweka kweme juu ya jiwe, akaipiga. Kweme nzima ukiipiga inasema *ko!* kama mlango wa mtu anayejiamini. Hii ikasema *fyu*. Wifi akaichungulia. Ndani palikuwa safi, pamepanguswa, panang'aa kama sufuria ya mtu asiyepika. Akapiga nyingine. *Fyu.* Wanawake wote wakapiga, ua mzima ukawa *fyu, fyu, fyu*, kama kundi la watu wanaopuliza vidole vilivyoungua. Hakuna hata moja iliyokuwa na kiini. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mwingine akakumbuka jiko la yule wa kwanza. Nakiete peke yake aliokota ganda, akaliweka sikioni.

"Mama, linapumua."

"Litupe!"

"Linasema linamtafuta mama Nakiete."

"Nakiete, usifanye mzaha. Kuna maneno yanasemwa. Kuna maneno kuhusu mtoto mtupu."

"Mama jamani, kila mtoto huzaliwa mtupu. Nguo tunanunua baadaye."

"Sisemi nguo!"

Alicheka hadi akashika kiuno. Mimi nilikusanya maganda yale nikayafunika kwa ungo, kama kwamba nisipoyaona hayapo.

*

Tupu ni nini? Nililiuliza swali hili nikifagia. Nililiuliza nikikoroga. Chungu ni kitupu kabla ya kupika na hakuna anayekiogopa. Ngoma ni tupu na inaitisha watu. Nyumba hii ilikuwa tupu kabla sijaingia na mume wangu akaniambia karibu, na mimi mwenyewe nilikuwa mtupu kabla ya Nakiete, natembea sokoni, nacheka, natosha. Basi si utupu ninaouogopa. Ninaogopa ganda linalojifanya limejaa. Tunda lile lilikuwa na rangi, lilikuwa na umbo, liliwavuta watu wakaja na mawe yao. Lilikuwa na kila kitu cha kuonyesha. Sasa mtoto akija hivyo? Akija na kila kitu cha kuonyesha? Nitamwambia nini baba yake Jumatatu ikipatikana? Na nani ataniamini mimi, kwani mimi nami nina uhakika gani? Nilijigonga kifuani kwa kidole. Nilisikiliza. Kilisema *ko*, lakini kwa mbali.

Basi nikaanza kuutibu mkweme. Sikujua unaumwa nini, kwa hiyo niliutibu kila kitu. Nilinyunyiza majivu kwenye majani, nikaonekana nimepaka mmea unga wa msiba, nikayaosha kwa sabuni ya kipande. Niliumwagilia maji. Majirani wakasema maji yamezidi, nikauacha na kiu. Bwana shamba akapita, akatazama juu, akatazama chini, akaonja udongo, akasema udongo una afya, mizizi ina afya, jani lina afya, na hajapata kuona mgonjwa mzima kiasi hiki. Akaandika mbolea ya samadi. Niliutia samadi, mkweme ukanenepa, ukatoa matunda makubwa zaidi, na kweme zikawa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa tupu. Wifi Mkunde akaja na kiatu kikuukuu, akakining'iniza kwenye kichanja.

"Cha nini?"

"Jicho baya likija lianzie kwenye kiatu."

"Wifi, hicho ni kiatu changu. Nilikuwa nakitafuta."

"Ndiyo maana kina nguvu."

Na kila niliyemwambia alikuwa na dawa, na kila dawa niliitumia, hata zile zilizokatazana. Asubuhi niliimba, jioni nilinyamaza. Niliwafukuza sisimizi nikawaomba warudi. Nakiete aliketi kizingitini na tumbo lake, akinihesabia makosa. "Mama, jana uliuambia mkweme pole. Leo unaugombeza. Mimi ningekuwa mkweme ningehama."

Habari ikamfikia Mwenyekiti Kajiru, kiongozi wa mtaa. Mwenyekiti Kajiru alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na kwenye lango la mtaa alikuwa ametundika bango kubwa: KISICHOZAA KIONDOKE. Amri hiyo ilipotoka wengi tulipiga makofi, kwa kuwa ilisikika kama usafi. Kila mtu akipita langoni anaulizwa, "Umezaa nini?" na anajibu: nimezaa watoto, nimezaa gunia, nimezaa tofali. Asiye na jibu anaonyeshwa njia. Vilitoka vitu vingi. Benchi la njia panda lilitoka, lilikuwa la kukalia tu. Majogoo wote walitoka, maana hawatagi. Kaka yangu Mrindoko naye alitoka, mtu mzima asiye na mke wala mtoto wala shamba, ambaye kazi yake ilikuwa kulala chini ya kivuli na kuamka na hadithi. Siku ile nililia langoni, yeye akanipungia mkono akicheka, amebeba kitu kirefu begani ambacho kwa machozi sikukiona vizuri.

Sasa Mwenyekiti akaja uani kwangu na viti, akafanya mkutano na mkweme.

"Mmea!" akasema. "Mtaa umekupa ardhi. Mtaa umekupa samadi. Matunda tunayaona, tunakushukuru, na moja nimeliweka ofisini juu ya meza, kila mgeni analisifia. Lakini kuna minong'ono kuhusu viini. Ongeza bidii! Nimemaliza."

Akauangalia kama anasubiri makofi. Jani likamdondokea kichwani.

"Limekubali," akasema, akaondoka na viti vyake.

*

Niliketi chini ya kichanja nimechoka, na chini ya kichanja kile kivuli hakina umri. Ukikaa upande huu una miaka yako, ukisogea kidogo una miaka ya mama yako, ukilala chali unaweza kuwa hujazaliwa. Nilisogea kufuata ubaridi. Miguu yangu ikawa mifupi, na mama yangu alikuwa ameketi mbele yangu anabangua. *Ko! Ko! Ko!* Kweme zinaruka kwenye ungo, nyeupe, nzito, na mama ananiambia, "Usizimalize, mwenzako hajazaliwa." Nikamuuliza mwenzangu nani. Akasema, "Nakiete, nani mwingine?" kama mtu anayetaja mgeni aliyeko njiani. Nilitaka kumuuliza kuhusu mtoto mtupu, lakini mdomo wangu ulikuwa wa mtoto na ulikuwa umejaa kweme. Kwa hiyo nilitazama tu. Ninawaambia, kutazama bila kuongea ni dawa ambayo sikuwa nimeijaribu.

Kichanja cha mama kilikuwa na mikweme miwili. Huu wetu, na mwingine upande wa choo, mwembamba, wenye maua mengi yaliyoshikana vishada vishada, ya rangi ya waridi iliyokolea, kingo zake zina matamvua kama shali. Haukuwa na tunda hata moja. Maua tu. Nyuki walikuwa wanatoka kwenye ule wa maua miguu yao ina vumbi la manjano, wanakuja kwenye huu wetu, wanapangusa miguu kwenye maua yake kama wageni wanaopangusa viatu mlangoni, wanarudi. Na chini ya ule wa maua alikuwa amelala kaka Mrindoko. Mimi nilikuwa mtoto, mama alikuwa msichana, lakini kaka alikuwa vilevile, ndevu zilezile zenye mvi, kandambili zilezile. Muda hauna shida na mtu ambaye haudai kitu. Pua yake ilikuwa ya manjano.

Nikasogea nikawa mzee tena. Nikatazama upande wa choo. Palikuwa na kisiki, kimekatwa safi, kwa amri ya lile bango.

Niliinuka nikajigonga kichwa kwenye kiatu.

*

Makazi ya wasiofaa yako nje ya lango, mteremkoni. Nilibeba makande kwenye bakuli, nikafunika kwa kitambaa, nikamwambia Mwenyekiti naenda kutupa taka, akanisifu kwa usafi. Nilikuwa na hofu ya kukuta watu wanaolia. Nilikuta benchi la njia panda limejaa watu wanaobishana kuhusu ndoto, na jogoo mmoja mwekundu juu ya paa, ananyoosha shingo, anawika. Alipowika kitu kilitulia ndani yangu. Ilikuwa asubuhi. Si asubuhi iliyochanganyika na jioni ya juzi, bali asubuhi yenyewe, ina umande, ina mwanzo. Nilikuwa nimesahau kwamba siku huitwa. Sisi tulifukuza waitaji, tukashangaa siku hazijui zamu yao ni ipi.

"Karibu kwa wasiofaa, dada," kaka Mrindoko akasema bila kuinuka. "Umefuata nini? Huku hakuna kinachozaa."

"Nimekuletea makande."

"Basi wewe umefaa. Leta."

Nyuma yake ule mkweme mwembamba ulikuwa umepanda ukuta wote wa kibanda, vishada vya maua vinaning'inia kama harusi. Nikaelewa kilichokuwa begani mwake siku ile.

"Niliukuta umelala njiani," akasema na makande mdomoni. "Umekatwa, umetupwa kwa amri ileile iliyonitoa mimi. Nikauambia, twende basi, mwenzangu, tusikae tunatazamana. Nikauchomeka hapa. Wala sikuumwagilia, mimi na maji unajua."

"Kaka, huu ndio dawa. Nyuki wanapita hapa, vumbi linakuja kwetu, kweme zinapata kiini."

"Mimi nilikuwa naupendea harufu."

"Mbona nyuki hawaji kwetu siku hizi?"

"Wanakuja! Nyuki wanazaa asali, wanaruhusiwa. Ila Kajiru ameweka watu langoni wa kuwafuta miguu."

Alicheka peke yake, halafu akaniona sicheki, akaweka bakuli chini. "Nakiete yukoje?"

"Mtoto haji, kaka. Anachungulia anarudi. Na mimi kila nikilala nambeba, na hana uzito."

Aliinuka, jambo ambalo sikumbuki kuliona, akaanza kuchuma vishada, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, kama mtu anayemvua mtoto kofia akiwa amelala. Tukavikunja ndani ya kanga, nikaifunga kanga tumboni, juu yake nikashusha gauni. Nilikuwa na mimba nzuri kabisa, ya mviringo, yenye harufu ya shali mpya.

"Mama Nakiete!" Mwenyekiti Kajiru akasema langoni. "Na wewe?"

"Na mimi, Mwenyekiti."

"Kwa umri huo?"

"Siku zenyewe zinarudi nyuma. Mwili ufanye nini?"

Akainama kidogo kusikiliza. "Mbona tumbo linavuma?"

Kulikuwa na nyuki mmoja, alikuwa amekataa kushuka kwenye ua lake. "Wa ukoo wetu huvuma," nikasema.

"Pita, mama! Pita! Mtaa unakutegemea!" Akanipigia saluti, na hadi leo sijui moyo wangu ulikaa wapi wakati napita, maana ndani ya gauni hapakuwa na nafasi.

Wifi Mkunde alinishikia ngazi. Nakiete alikaa chini akinielekeza kwa fimbo: ua lile juu ya bati, lile nyuma ya kiatu, mama mbona unaliruka lile. Maua ya mkweme wetu hukaa moja moja, na kila moja, ukilitazama kwa nyuma, lina kitumbo kidogo. Sikuwahi kukiona. Nilikuwa naangalia matunda siku zote, nani ana muda wa kuangalia maua? Nilishika ua la kaka, nikaligusisha katikati ya ua letu, polepole, vumbi likahama. Ua la kaka likanyauka mkononi mwangu, limemaliza, halikuomba chochote. Nikachukua jingine.

"Wifi," Mkunde akasema kutoka chini, "unafungisha ndoa ngapi huko juu bila mahari?"

"Shika ngazi!"

"Nashika. Nauliza tu kama kuna pilau."

*

Matunda yalikua katikati ya siku zilizochanganyikiwa, lakini yalikua yakielekea upande mmoja tu, hayakurudi nyuma. Kichanja kilianza kulia kwa uzito. Nililala nikisikiliza kulia kule na lilikuwa jambo tamu kuliko wimbo.

Halafu Nakiete akashikwa na uchungu. Ulikuwa wakati usio na jina, mwanga wa kijivu, si usiku si mchana. Uchungu ulikuja, ukaondoka, ukaja, ukaondoka. Mkunga, ambaye alikuwa wifi Mkunde huyuhuyu, akatoka chumbani akifuta mikono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mtoto amekaa vizuri," akasema. "Yuko tayari. Ila hatoki. Ni kama hajui kwamba ni leo."

Nilisimama pale. Nilifikiria asubuhi ile ya mteremkoni.

"Mkunde, kimbia kwa kaka. Mwambie aje na jogoo."

"Langoni je?"

"Kimbia!"

Akakimbia na umbo lake lote. Nikaingia kwa Nakiete nikamshika mkono. Alikuwa hacheki na mtu sasa. "Mama," akasema, "akiwa mtupu utampenda?" Nilimwambia, "Nitamjaza." Sijui nilimaanisha nini. Nilimaanisha.

Kelele zikaingia uani. Kaka Mrindoko mbele, jogoo mwekundu kwapani, wifi nyuma yake, na nyuma yao Mwenyekiti Kajiru anahema, amebeba lile tunda la ofisini kama ushahidi. "Amepita!" anasema. "Nimemuuliza amezaa nini, akanijibu ana haraka! Ana haraka si jibu! Mtaa huu unakula kwa waliozaa!" Akalitua tunda lake juu ya jiwe la kubangulia, kwa nguvu, ili maneno yake yapate mshindo. Tunda likapasuka. Kweme zake zikamwagika, zikapeperuka. Upepo mdogo tu ulikuwepo, lakini zilipeperuka, zikagonga ukuta, *fyu, fyu*, na Mwenyekiti akabaki na mikono wazi.

Nakiete akaita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake. "Mwenyekiti! Na wewe umezaa nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu yeye alikuwa upande wa kuuliza. Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, maskini, akipekua ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Nimezaa amri," akasema.

"Ivunje tuone kama ina kiini."

Wanawake waliangua kicheko, na kicheko kile kikamshtua jogoo. Akapanda bega la kaka, akanyoosha shingo, akawika. Mwanga wa kijivu ukapasuka upande mmoja. Jua likatoka likiwa limevaa vizuri, kama lililokuwa limesimama nyuma ya pazia likisubiri kuitwa jina. Ilikuwa Jumatatu. Kila mtu alijua ni Jumatatu, ilikuwa na sura ya Jumatatu, ile aliyoiahidi mume wa Nakiete. Na ndani, mtoto akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama mwenye nyumba aliyekuta mlango umefungwa.

Nilimpokea. Mikono yangu ikashuka chini kwa uzito wake, wa msichana mmoja mfupi aliyenuna, na sijawahi kushukuru kwa kuelemewa kama nilivyoshukuru asubuhi ile.

Nje, wifi Mkunde alishusha tunda la kwanza la kichanja, akalipasua, akampa Mwenyekiti Kajiru jiwe lake mwenyewe, lile asiloazimisha. "Bangua. Mzazi anasubiri uji." Mwenyekiti akapiga. *Ko!* Akakitazama kiini. Akakila. Akachukua nyingine. "Hiyo weka kwenye ungo," wifi akamwambia, naye akaiweka.

Kisimani siku ile nilikutana na yule wa sura yangu. Alikuwa anahema na ndoo yake. Nikamsaidia kujitwisha.

Bango limeshushwa, tumelifanya kitanda cha kuanikia kweme. Lakini bango huandikwa upya, najua, kila kizazi kina mwandiko wake. Ndiyo maana ninyi mnaokuja nyuma nawaachia haya ya kuepuka:

Usimwagilie mkweme kwa sababu una hofu. Mwagilia udongo ukiwa mkavu.

Usinyunyize majivu na sabuni kwa pamoja.

Usitie samadi juu ya ugonjwa usioujua.

Usining'inize kiatu bila kumuuliza mwenye kiatu.

Usikate mkweme wenye maua ya vishada, hata kama haujawahi kutoa tunda.

Usifute nyuki miguu.

Usimfukuze jogoo kwa kuwa hatagi.

Usipige makofi kabla amri haijabanguliwa.

Usimpe mzazi kweme ambayo hukuisikia ikisema *ko*.

Na mkipita uani kwangu mkamkuta kaka Mrindoko amelala upande wa choo, chini ya ule mkweme wa maua uliochipua tena kwenye kisiki chake, pua yake ina manjano, msimwamshe. Yuko kazini.